Sifa ya Waya Mwembamba

Zipo kazi za mikono ambazo sifa zake husemwa barazani, kama uchongaji wa milango ya Unguja na uundaji wa majahazi, na zipo nyingine ambazo mtendaji wake hujifungia chumbani akainamia meza chini ya taa, hata jirani apitaye dirishani asiweze kukisia anashughulika na nini. Kutengeneza pikapu za magitaa ya umeme yaliyokula miaka ni katika fungu hili la pili. Nimeifanya kazi hiyo nyumbani kwangu hapa Tanga tangu ujana, na katika muda wote huo sijamsikia mtu akiisifu, ijapokuwa wengi wamecheza dansi usiku kucha kwa baraka zake. Kwa hiyo, madhali fundi hana wa kumsemea, hana budi kusema mwenyewe.

Pikapu ni kile kipande kidogo kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa, na siri yake yote ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma, kwa kuwa u karibu na sumaku, nao huambukizwa usumaku kidogo. Mpigaji akiudonoa ukatetemeka, huitikisa nguvu ya sumaku ipitayo katikati ya koili, yaani ule mzunguko wa waya, na mtikiso huo huzaa umeme ndani ya waya, kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mjini London mwaka 1831, karne nzima kabla haijapata kutiwa gitaani. Umeme wenyewe ni hafifu mno, wala usingeweza kuwasha taa iliyo ndogo kuliko zote. Ni amplifaya ndiyo inayoukuza hata ukawa sauti ya kujaza ukumbi. Hewa haimo katika habari hii, maana pikapu haisikii mlio, bali huhisi chuma kinachotetemeka. Ndiyo sababu mpiga udi, ambaye nyuzi zake za nailoni hazina chuma ndani yake, hapati faida yoyote kwa sumaku hii, na vikundi vya taarabu vya mji wetu, kama Black Star, vilipotaka sauti ya umeme vilimkaribisha mpiga gitaa akae kitini pamoja na wapigaji wengine.

Waya ndio unaostahili sehemu kubwa ya sifa yangu. Katika gitaa la Stratocaster, ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1954 kutoka kiwanda chake cha Fullerton, California, waya wa pikapu una unene wa milimita 0.063, karibu sawa na unywele wa mtu, nao huzungushwa takriban duru 8,000 juu ya vijiti sita vya sumaku vilivyosimama baina ya vibao viwili vyembamba. Mtu akiufungua wote akaunyosha barabarani utapita kilomita moja, na katika urefu huo mzima hauruhusiwi kukatika hata mahali pamoja, kwa kuwa mkatiko wa kupasua unywele tu watosha kulinyamazisha gitaa. Umepakwa vanishi nyembamba mno, ili duru moja isigusane na jirani yake shaba kwa shaba. Katika pikapu za Stratocaster za mwanzo vanishi hiyo ina rangi ya asali, na katika zile za baadaye, tangu kati ya miaka ya 1960, ni nyeusi ya kuelekea zambarau. Mzoefu akifungua kifuniko hutambua umri wa kitu kabla hajakigusa.

Waliozungusha waya huo hawakuandikwa katika matangazo. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, walioleta gitaa la kwanza la umeme lililopata soko, kule California mwanzoni mwa miaka ya 1930, majina yao yamo katika kila kitabu. Na vivyo hivyo Seth Lover wa kiwanda cha Gibson, ambaye mwaka 1955 aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, ncha zake za sumaku zikipingana na nyaya zake zikipingana, ili mvumo wa umeme wa majumbani ujifute wenyewe na sauti ya uzi ibaki. Lakini viwandani aliyekaa mbele ya mashine siku nzima, akiuongoza waya kwa vidole kulia na kushoto, aghalabu alikuwa mwanamke wa mshahara mdogo. Mmoja wao, Abigail Ybarra, aliyeingia kiwanda cha Fender mwaka 1956, alikuja kujulikana uzeeni mwake, na leo wako watu wanaolipa fedha nyingi kwa pikapu iliyopita mikononi mwake. Wenzake hatuwajui. Hata hivyo mikono yao ingalimo: koili iliyoongozwa kwa vidole haina safu zilizonyooka, huvuka huku na huku, hapa imekaza na pale imelegea, na kwa sababu hiyo pikapu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja huweza kutofautiana sauti kama wasemavyo tofauti ndugu wa tumbo moja. Nimezoea kufungua koili nikaona jinsi mtu fulani, ambaye sitamjua kamwe, alivyokuwa akielemea upande wa kushoto.

Sasa mtu atauliza, kitu kisichotembea wala kusuguana huharibikaje? Jibu la hapa pwani ni fupi: chumvi na jasho. Vijiti vya sumaku vya Fender ni vya mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma, na penye chuma pana kutu. Waya wa ndani kabisa umeviegemea vijiti hivyo, kutu ikianza huila vanishi, kisha shaba hugeuka kijani, kisha hukatika. Magitaa ya bendi zetu, isitoshe, yaliishi maisha magumu kuliko yaliyokusudiwa na watengenezaji wake. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, kama NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilivyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na mpigaji alipohama alikiacha chombo nyuma kikapokewa na mwingine. Hivyo gitaa moja lilikunywa jasho la wanaume wengi, usiku baada ya usiku, katika kumbi zisizo na feni. Ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni zikaadimika nchini, na kununua jipya kukawa ndoto. Lau mafundi wa vichochoroni wasingalijifunza kufufua vilivyokufa, sijui solo za zama zile zingalipigwa kwa nini.

Uganga huanza kwa mita. Pikapu nzima ya aina niliyoitaja husoma kama omu 6,000. Iliyokatika haisomi kitu, na yenye duru zilizoungana husoma pungufu. Lakini kusoma namba si kuelewa namba. Shaba hukaidi umeme zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa kiasi cha karibu sehemu 4 katika 1,000 kwa kila nyuzijoto moja, na kwa hiyo pikapu iliyosoma 6,000 katika chumba chenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 6,280 mezani pangu mchana wa Februari wenye nyuzijoto 32. Nimewaona watu wakibishana hadi kukasirikiana juu ya tofauti ambayo ni ya jua tu. Pia asiyetulia hushika ncha za mita kwa vidole vyake, akaupima mwili wake mwenyewe pamoja na pikapu.

Ikidhihirika kwamba waya umekatika, wajibu wa kwanza ni kutumaini kwamba umekatikia nje. Waya huanzia kwenye kitundu kimoja cha shaba na kumalizikia kwenye kingine, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoteswa na lehemu, na bisibisi, na mafundi wa haraka. Ikiwa ncha ya nje ndiyo iliyoachia, kazi ni ya kuvuta pumzi: kuitafuta kwa kioo cha kukuzia, kufungua duru mbili tatu, kukwangua vanishi kwa wembe bila kukata shaba, kisha kugusa kwa chuma cha kulehemia muda mfupi kuliko kutamka jina lako. Pikapu huamka, na sauti yake ni ileile ya kiwandani kwa kuwa hakuna kilichobadilika. Kazi ya namna hii hailipi sana, maana mteja huona umetumia robo saa, naye hahesabu miaka iliyokufundisha usitumie nusu saa. Mimi huipenda kuliko zote.

Ikiwa mwanzo wa waya, ule uliozikwa chini ya duru zote, ndio uliooza, basi hapana hila, lazima kufungua. Kabla ya hapo fundi mwenye adabu huchukua daftari. Huandika waya ulizungushwa kuelekea upande gani, maana ukigeuzwa upande, pikapu hiyo ikipigwa pamoja na mwenzake sauti zao zitapingana na kutoka nyembamba kama zimetoka katika simu mbovu. Huweka dira karibu na vijiti aone ni ncha ya kaskazini au ya kusini iliyotazama nyuzi. Hupima unene wa waya kwa mikromita, hutazama rangi ya vanishi, na kama waya unaruhusu hufungua polepole akihesabu. Usiporuhusu, huzipima pikapu nyingine za gitaa lilelile, kwa kuwa Stratocaster ina tatu, akapata kadirio la haki kutoka kwa walio hai.

Mashine yangu ya kusukia ni mota ya cherehani yenye kanyagio, na mhesabu wake ni kikokotoo cha shule kilichofungwa swichi ndogo, ambacho kila ekseli ikizunguka hujiongezea moja. Msomaji asicheke. Seymour Duncan, Mmarekani ambaye baadaye jina lake likawa la kiwanda mashuhuri cha pikapu, alisuka upya pikapu ya gitaa lake ujanani kwa kutumia santuri. Na kwa mwendo wa duru 33 na theluthi kwa dakika, duru 8,000 zingechukua saa nne kamili. Mota yangu humaliza kwa muda mfupi kuliko huo, lakini haiongozi waya. Kuongoza ni kwa vidole, baina yake pakiwa na kitambaa laini. Ukibana mno unakatika, na penye duru 7,000 mkatiko huumiza moyo. Ukilegeza mno, duru za ndani zitatetemeka zenyewe mbele ya spika na kuanzisha mbinja isiyozimika. Kati ya mipaka hiyo miwili pana nafasi ndogo ambayo sijaweza kumweleza mwanafunzi kwa maneno. Humshika mkono, nikausikiza waya kupitia kidole chake.

Ili duru zisitetemeke, pikapu huchovywa katika nta: sehemu nne za nta ya mishumaa na moja ya nta ya nyuki, nami hutumia ya Tabora kwa kuwa ni safi na kwa sababu napenda harufu yake nyumbani. Sufuria ya nta hukaa ndani ya sufuria ya maji, wala haigusi moto, kwa maana nta hushika moto bila kuaga. Joto la nyuzijoto 65 latosha, na likizidi sana bobini za plastiki hupinda. Lakini hapa pana hukumu ya kutolewa. Koili za kale za Seth Lover hazikutiwa nta kiwandani, na wako wapigaji wasemao kwamba ule mtetemo mdogo wa duru zilizo huru ni sehemu ya uhai wa sauti yake. Naafikiana nao. Aniletaye pikapu ya namna hiyo iliyo salama hurudishiwa ikiwa kavu kama ilivyokuja, hata akiniomba sana.

Hitilafu kubwa baina yangu na vijana huanzia hapo, penye kuacha kitu kama kilivyokuwa. Alikuja kijana mmoja mpiga solo, amebeba pikapu iliyooza kutoka katika gitaa la babu yake, akakaa mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ukishaisuka, niongezee duru elfu mbili hivi. Nataka ingurume.”

Nilimweleza kwamba kila duru inayoongezwa huongeza nguvu, lakini hupunguza zile sauti za juu zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha uzi na uzi, kwa kuwa koili kubwa huikaidi mitetemo ya kasi. Kwamba solo za bendi za kale, zilizosikika ng’aring’ari juu ya tarumbeta na ngoma, zilipatikana kwa koili za kiasi. Na kwamba babu yake alizipiga kwa duru zilezile. Alinisikiliza kwa heshima, pasipo kukubali hata neno moja. Nikaisuka kama nilivyoikuta katika daftari, na ndani ya kifuniko nikatia kipande cha karatasi chenye idadi ya duru, upande wa mzunguko na tarehe, kwa ajili ya fundi atakayeifungua nikiwa sipo. Alipoitia gitaani akaja kuijaribu kwangu, alipiga kidogo, akainamisha kichwa, akasema bado ni ndogo. Nikamwonyesha amplifaya yake: sauti ameiweka namba 3. Tukaipandisha hadi 6, mke wangu akatoka jikoni, jirani akagonga ukuta, tukairudisha palepale penye 3, naye akaendelea kupiga hadi adhana ya magharibi.