Uvira, Jamani! Panda Taksi Uende

Rafiki yangu, kaa kitako wewe, maana mimi siwezi kukaa! Nimetoka Uvira! Nimeukanyaga ule mji, nimeunusa, nimeuogelea, nimeula mpaka vidole vikang'aa mafuta, na tangu nirudi hapa Bukavu kila ninayekutana naye namshika mkono na kuanza kumsimulia. Mji mwembamba, mrefu, wa joto, wenye kelele tamu, umebanwa kati ya mlima na ziwa mpaka unajiuliza watu walipataje nafasi ya kupanga nyumba! Unatoka kwa fundi cherehani, unavuka barabara moja, na huyooo, uko majini! Unageuka nyuma, na Milima ya Mitumba imekusimamia kichwani, mirefu, mikali, ya kijani mpaka macho yanauma. Na bado!

Na tafadhali, usiende na gari la kuazima. Panda taksi ya watu wote, ile ya kubanana hasa, furushi la vitenge magotini, kuku miguuni, na mama wa kiti cha mbele akiwasimulia abiria wote harusi ya mwanawe, sahani kwa sahani! Dereva haondoki gari lisipojaa, na likijaa hujaza tena. Lakini sikiliza: usikubali kiti chochote tu. Omba upande wa dereva, dirishani. Utakuja kunishukuru.

Bukavu tuliondoka asubuhi kwenye baridi, kila mtu na koti lake, pumzi zikitoa moshi, tukapita Nyangezi tukiwa bado tunapiga miayo. Halafu Ngomo. Mama yangu weee, Ngomo! Barabara inajikunja, inajipinda, inarudi ilikotoka, bonde liko chini kabisa ya tairi, lori linapanda likinguruma usoni kwenu, na gari zima linanyamaza, hata mama wa harusi! Kisha mtu wa nyuma anaanzisha wimbo wa kanisani, taratibu, na wote mnaitikia, Mkatoliki, Mprotestanti, hata kijana mwenye vidude vya muziki masikioni. Masikio yanaziba, yanazibuka. Na kila kona joto linaongezeka! Koti linavuliwa, sweta linavuliwa, madirisha yanafunguliwa, upepo unaingia wa uvuguvugu, mzito, wenye harufu ya majani makavu, na kufika Kamanyola unakuta dunia imefunguka, bapa kabisa, pana mno, anga tupu! Saa chache tu tangu utetemeke kwa baridi! Hakuna mtu aliyewahi kunieleza hili vizuri, ndiyo maana nakueleza wewe.

Sasa kiti chako cha dirishani kinaanza kazi. Kule kushoto, ng'ambo ya mashamba, ndiko unakopita Mto Ruzizi, na maji yake ni yale yale ya Ziwa Kivu uliyoyaacha nyumbani asubuhi, yanateremka kuelekea Tanganyika pamoja nawe! Mwenzako nilisisimka mwili mzima. Mwaka 1858 wavumbuzi wa Kizungu, Burton na Speke, walifika mpaka Uvira wakitamani sana kusikia kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, ili wawe wamepata chanzo cha Nile. Wenyeji wakawaambia hapana, unaingia ziwani. Mwaka 1871 wenzao, Stanley na Livingstone, wakaja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuhakikisha kwa macho yao, wakakuta mambo ni kama wenyeji walivyosema. Yaani safari zote hizo, homa zote zile, na jibu linaonekana siku hizi kwenye dirisha la taksi, huku unatafuna karanga!

Na kutafuna ndiyo usiseme. Luvungi, Sange, kila mnaposimama madirisha yanajaa mikono: ndizi, mahindi ya kuchoma, maembe yenye utomvu unaochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ng'ombe wanavuka barabara wanapotaka wao, pembe hizo! Kiliba, kwenye kiwanda cha sukari, nikanunua miwa, nikapasua kwa meno, tamu, baridi, maji yakanimwagikia shingoni, sikujali kabisa. Na ndipo jirani yangu akanigonga bega.

Ziwa!

Sikuwa tayari, nakwambia kweli. Linatokea ghafla kati ya migomba, buluu moja kali isiyo na mwisho upande wa kusini, na ng'ambo milima ya Burundi imejichora waziwazi. Ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 zinaenda chini gizani, na hapo ukingoni watoto wanarushiana maji na kufua mashati yao ya shule! Kavimvira nikashuka, nikapanda pikipiki, motari akaniteremsha mjini kwa fujo ya honi, mlima kulia, maji kushoto, mimi nikipiga kelele za furaha na yeye akicheka.

Njaa ilikuwa imenishika vibaya, kwa hiyo nisikilize kwa makini hapa. Mukeke! Yule samaki mwembamba wa fedha ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, ametoka ziwani, amepasuliwa mgongo, amewekwa juu ya makaa na chumvi na limau, ngozi inavimba, inapasuka, mafuta yanalia motoni. Bugali wa mihogo moto unaovutika, sombe pembeni imelowa mawese, pilipili ya kukutoa machozi. Nikaomba kijiko. Mama wa jikoni akanitazama kwa huruma kabisa: “Mutoto yangu, samaki ya huku inakuliwaka na vidole.” Alikuwa na haki! Nyama ile inayeyuka kwenye vidole, ina utamu wake wa ndani, ina moshi, ina ziwa ndani yake. Na kabla sijamaliza akaniletea ndakala wa kukaanga, wadogo, wakavu, wanaovunjika mdomoni kra kra kra. Na bado!

Jua la Uvira, ndugu yangu, lina mambo yake. Halizami ziwani, linazamia mlimani, tena mapema, unaona kivuli kinateremka Mitumba na kuufunika mji nyumba kwa nyumba, huku Burundi ng'ambo bado inawaka dhahabu. Nilikuwa ufukweni, soda mkononi, mdomo wazi. Halafu kitu kikapiga chafya majini. Kiboko! Kiboko mzima, masikio yakichezacheza, mbele ya mji! Wanatoka usiku kuja kula majani karibu na nyumba za watu, kwa hiyo wenyeji wanakuambia kwa upole lakini kwa msisitizo: giza likiingia, toka ufukweni. Toka kweli, hawatanii. Mimi nilihamia barazani, na kutoka hapo nikaona taa za Bujumbura zikiwaka mstari mzima ng'ambo, na kati yetu na wao taa za wavuvi, nyingi, zikitawanyika juu ya maji meusi.

Na watu wa pale! Maji hayo hayo yanayowalisha yamewaumiza sana. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika usiku ukabeba nyumba na roho za watu, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia vyumbani mwao. Nilionyeshwa alama ya maji ukutani, juu ya kiuno changu, na chini ya alama hiyo hiyo palikuwa na meza, nguo ya meza iliyopigwa pasi, na chai ya mgeni. Niliinywa yote. Nawapenda watu hawa, basi.

Asubuhi bandari ya Kalundu! Jua linakupiga usoni moja kwa moja kutoka majini, wapagazi wanapita mbio, mabido ya mawese, magunia, magodoro, harufu ya dizeli na samaki mkavu, maboti ya kwenda Kalemie yakijazwa mpaka nafsi inashtuka. Sikuweza kuondoka. Nilisimama nikisukumwa huku na huku, nikiomba radhi kwa kila mtu, nikitabasamu mno.

Jambo moja tu la kuzingatia kabla hujafunga mfuko: vita vimeifunga njia hii mara nyingi, basi mpigie simu kwanza mtu aliyeko kule, muulize hali ya barabara, na akikwambia subiri, subiri. Akikwambia njoo, usimalize hata chai. Chukua koti jepesi, chukua noti ndogondogo, uwahi ule upande wa dereva. Na ukifika usilale tu mjini, kwa sababu barabara inaendelea kusini kando ya maji, Makobola, Swima, Mboko, hadi Baraka, na wanasema huko mawese ni mekundu zaidi. Nimeshauliza bei ya viti viwili!