Ramani Isiyopanda Chomboni

Mara ya kwanza nilipoiona picha yake nilidhani ni ubavu wa dema lililovunjika. Vijiti vyembamba vimepishana, vingine vimenyooka, vingine vimepindwa kama upinde. Kila vinapokutana vimefungwa kwa uzi, na hapa na pale kimetiwa kisimbi kidogo cheupe. Maelezo chini ya picha yalisema hiyo ni ramani ya Visiwa vya Marshall. Nikaitazama upya nikitafuta ufuko, nikitafuta kaskazini, nikitafuta jina lolote la mahali. Hakuna hata kimoja. Tangu siku hiyo nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia heshima yangu kwa walioibuni inaongezeka.

Visiwa vya Marshall ni nchi ndogo katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini kidogo ya ikweta, kusini-magharibi mwa Hawaii. Ukikusanya ardhi yake yote ukaiweka pamoja unapata kama kilomita za mraba 181. Pemba peke yake inaizidi mara tano. Lakini ardhi hiyo haikukaa pamoja. Imetawanyika katika atoli 29 na visiwa vitano vilivyo peke yake, ndani ya eneo la bahari linalokaribia kilomita za mraba milioni mbili. Atoli ni pete ya matumbawe yenye vipande vya mchanga na minazi juu yake, na maji yaliyotulia katikati. Atoli ya Kwajalein, kwa mfano, inazunguka maji ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na nchi kavu yake yote ni kama kilomita za mraba 16 tu. Sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hii iko mita mbili hivi juu ya bahari. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 42,418 katika nchi nzima.

Wenyewe huipanga nchi yao katika safu mbili ndefu: Ratak, safu ya upande wa mapambazuko, na Ralik, safu ya upande wa machweo. Mpango huo peke yake tayari ni somo la jiografia. Haukuanza na mpaka. Umeanza na jua.

Sisi wengine tulifundishwa vingine. Tulinakili mpaka wa nchi kutoka ubaoni, tukakaza rangi ndani ya mstari, tukaandika miji. Nchi ikawa ni ile iliyomo ndani ya mstari. Jaribu kuichora Marshall kwa namna hiyo uone. Karatasi inabaki nyeupe karibu yote, na vidoa vichache vimemwagika juu yake kama chembe za mchele. Weupe huo ndio nchi yenyewe; ndimo watu walimosafiri, walimovua na walimopotea, na ramani ya chapa haina la kusema juu yake.

Basi fikiria nahodha wa zamani wa huko, yumo katika chombo chenye mrengu mmoja, anakwenda kisiwa kilicho mbali siku nzima au siku mbili. Kisiwa chenyewe hakina kilima. Vilele vya minazi vinaonekana kwa umbali wa kilomita 20 hivi, hewa ikiwa safi. Akikosea kidogo tu atakipita bila kujua, na mbele yake hakuna kingine. Nyota anazijua, kama wanavyozijua mabaharia wa kila mahali. Ndege wanaorudi kulala jioni anawajua. Lakini watu wa Marshall waligundua jambo jingine, nao wakalikuza mpaka likawa elimu: kisiwa hujitangaza kwa mawimbi kabla hakijaonekana kwa macho.

Aliyekulia pwani anajua kwamba mawimbi si ya aina moja. Kuna yale madogo, yaliyoamshwa na upepo wa leo, yanayozaliwa na kufa mbele yako. Na kuna yale marefu, yasiyovunjika, yanayokuja kwa mpigo ule ule hata siku ambayo hakuna upepo, kwa sababu yalizaliwa mbali sana. Haya marefu ndiyo yaliyosomwa. Huko Marshall lenye nguvu kuliko yote ni rilib, linalotoka mashariki, likisukumwa na pepo zinazovuma upande huo sehemu kubwa ya mwaka. Kutoka magharibi huja kaelib, dhaifu zaidi, ambalo mgeni huenda asilihisi kabisa. Liko la kusini, bundockerik, na la kaskazini, bundockeing. Rilib likikuta atoli halisimami. Sehemu yake inarudishwa nyuma, na ncha zake mbili zinajipinda kukizunguka kisiwa, zikaja zikakutana upande wa pili kama mikono inayokumbatia. Yanapokutana mawimbi mawili maji hupiga kwa namna yake, na pahali hapo pana jina: bōt. Ukitoka bōt moja ukaikuta nyingine, na nyingine tena, umepata okar. Neno okar maana yake ni mzizi. Ukiufuata mzizi utafika kwenye mti.

Hayo ndiyo yanayochorwa kwa vijiti. Vile vilivyopinda ni mawimbi yanayojikunja yakikaribia ardhi. Visimbi ni visiwa. Pale vijiti vinapopishana, ndipo maji yanapopigana.

Ramani hizi ni za aina tatu, na mpangilio wake unaonyesha kwamba aliyezibuni alikuwa mwalimu. Ya kwanza huitwa mattang. Ni ndogo, mara nyingi pande zake zinalingana, na haionyeshi mahali popote. Kisiwa kilichomo ni kisiwa chochote. Inafundisha kanuni tu: wimbi likikuta ardhi linafanya hivi, na la upande wa pili linafanya hivi, na wewe ukiwa hapa katikati utahisi hivi. Ya pili, meddo, inachukua kipande cha nchi, visiwa kadhaa vinavyojulikana kwa majina, na mawimbi yaliyo kati yake. Ya tatu ni rebbelib, inayobeba safu nzima, au zote mbili. Mwanafunzi anaanzia kwenye kanuni, kisha mtaa, kisha nchi. Sijaona kitabu cha jiografia cha shule kilichopangwa vizuri kuliko hivyo.

Na vifaa vyake ni vya kwetu pia, jambo lililonigusa kuliko nilivyotarajia. Vijiti hutolewa kwenye uti wa kuti la mnazi, au kwenye mizizi ya mkadi, ile inayoning'inia kutoka shinani. Kamba ni ya makumbi. Simbi ziko ufukweni. Hata chombo chenyewe ni ndugu wa ngalawa, kwa kuwa wataalamu wengi wanaona kwamba ujuzi wa mirengu ulifika pwani ya Afrika Mashariki kutoka kwa mabaharia wa jamii ile ile ya lugha iliyokwenda kuijaza Pasifiki.

Nilijaribu kutengeneza mattang kwa kutazama picha. Nilipasua uti wa kuti kavu, nikauparua kwa kisu mpaka ukawa mwembamba kama penseli, nikasokota kamba ya makumbi pajani kama nilivyowaona bibi zangu wakifanya. Kijiti kikavu kilikataa kupinda, kikavunjika. Nikachukua kibichi. Hicho kilipinda vizuri, lakini kilipokauka kikajinyoosha, na mchoro wote ukakaa upande. Siku ya tatu ndipo nilipoelewa kwa mikono kile ambacho macho hayakukiona: vijiti vilivyonyooka vinafungwa kwanza, vikaze, halafu vile vilivyopinda vinabanwa kati yao vingali vibichi, ili vilivyonyooka vivishike katika umbo lao hadi vikauke. Vingine kati ya vilivyonyooka havisemi lolote kuhusu bahari. Kazi yao ni kuvishikilia vinavyosema. Nilipoishika mattang yangu mkononi ilipokauka ilikuwa nyepesi kama ufagio wa chelewa, na haikulegea. Nikamfikiria fundi aliyetengeneza rebbelib ya vijiti vingi na visimbi vingi, na kila fundo liko mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonishangaza zaidi. Ramani hii haikupanda chomboni. Nahodha aliitazama akiwa nchi kavu, akaishika, akaipapasa, akawafundishia vijana wake, kisha akaiacha nyumbani. Baharini alikwenda na mwili wake. Mabaharia wa huko wamejulikana kwa kulala chini ndani ya chombo, wakayaacha macho na kuusikiliza mtikisiko kwa mgongo na tumbo, wakitofautisha wimbi la mashariki na lile linalolikata kutoka kusini. Kwa hiyo vijiti si chombo cha kusafiria. Ni chombo cha kufundishia mwili. Nina mjomba aliyekuwa mvuvi, aliyekuwa akiupata mwamba wake wa samaki kwa kuulinganisha mnara wa msikiti na mvinje fulani. Vikisimama mstari mmoja, na upande wa pili jabali fulani likagusa ncha ya rasi, alitia nanga. Hakuwahi kuandika. Lakini alikuwa na nchi kavu ya kutazama. Mwenzake wa Marshall hakuwa nayo.

Elimu hii haikuwa ya kila mtu. Ilishikwa na koo chache chini ya machifu, waitwao irooj, na ramani mara nyingi ilisomwa kikamilifu na aliyeitengeneza tu, au na mtu aliyefundishwa naye. Kijiti chenye umbo moja kiliweza kuwa na maana tofauti katika mikono miwili. Ujerumani ilivichukua visiwa hivyo mwaka 1885, mwaka ule ule ilipoitia mkononi Tanganyika, na afisa wa jeshi lake la majini, nahodha Winkler, ndiye aliyekaa na wazee akachapisha maelezo marefu mwaka 1898. Mengi ya majina niliyoyataja yametufikia kwa kalamu yake. Namshukuru kwa uvumilivu wake, ingawa ninachokiheshimu zaidi ni uvumilivu wa wale waliokubali kumweleza mgeni jambo ambalo watoto wao wenyewe walilipata kwa kuchaguliwa.

Shule kubwa ya elimu hii ilikuwa Rongelap, atoli ya kaskazini. Huko mtoto aliwekwa majini amefungwa macho, akaelea, akaambiwa aseme wimbi linatoka wapi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika atoli ya Bikini, na majivu yake yenye sumu yakaiangukia Rongelap na watu wake. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia katika nchi hii. Watu wa Rongelap walihamishwa, wakarudishwa mwaka 1957, wakaondoka tena mwaka 1985. Tunapozungumzia majaribio yale tunahesabu maradhi na ardhi iliyoharibika, na ni haki. Ningependa tuhesabu na hili: darasa lilifungwa, na watu hawakuweza tena kukaa kando ya maji yaliyokuwa kitabu chake.

Mmoja wa waliofundishwa Rongelap utotoni alikuwa Korent Joel, aliyefundishwa na babu yake na ambaye baadaye akawa nahodha wa meli za injini. Ukubwani aliikusanya upya elimu ile kutoka kwa wazee waliobaki, na mwaka 2006 akajaribiwa kwa safari ya kwenda Ujae, akafika, akapewa cheo cha ri-meto, mtu wa bahari. Mwaka 2015 wanasayansi waliambatana na safari ya chombo cha jadi kutoka Majuro hadi Aur, wakiwa na vyombo vyao vya kupimia mawimbi, wakitaka kuelewa kile wanachokihisi mabaharia. Walichokitafuta hasa ni dilep, njia ya mawimbi inayounganisha kisiwa na kisiwa, ambayo baharia huifuata kama mtu anayeshika ukuta gizani. Joel alifariki mwaka 2017.

Neno dilep maana yake ni uti wa mgongo. Niliposoma hivyo nilikiangalia tena kijiti changu. Sisi nasi katikati ya kuti tunapaita uti, na katikati ya mwili tunapaita uti, na kwa uti wa mnazi wao walichora uti wa bahari. Sidai kwamba lugha hizi mbili zilikubaliana. Nasema tu kwamba Mswahili anaweza kuielewa ramani ile kutoka ndani, kwa neno lake mwenyewe, bila kumwomba mtu amtafsirie.

Leo vijiti hivi huuzwa kwa wageni kama kazi za mikono, na baadhi havifuati ramani yoyote. Lakini mjini Majuro lipo shirika la Waan Aelõñ in Majel linalowafundisha vijana kuchonga na kuendesha vyombo vya jadi, na mchoro wa ramani ya bahari umo katika nembo ya taifa, nyuma ya mbawa za malaika.

Ndugu msomaji wa pwani, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kushika usukani wa jahazi au kuvua usiku bila taa, muulize anakijuaje kisiwa kabla hajakiona. Usimkatize. Mpe chelewa na kipande cha uzi, mwambie akuonyeshe.