Kufumbua Yaliyofumbwa

Hapana shaka kwamba intaneti imeutendea wema muziki wa mwambao. Santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mali ya wachache waliojaaliwa kuwa na gramafoni, leo zasikika Muscat, Toronto na Wete kwa wakati mmoja. Kanda za harusi za Mombasa, zilizonakiliwa mkono kwa mkono hata sauti ikawa kama itokayo kisimani, nazo zimepata uhai mpya. Pamoja na nyimbo hizo yamezuka mazungumzo ya historia: mtu hukaa mbele ya kamera, akahadithia mambo ya mji, akachombeza kwa wimbo wa zamani, na saa nzima ikapita bila ya msikilizaji kuhisi.

Mazungumzo hayo yana utamu wake, na mwenye kuyabeza hajayasikiliza. Msimuliaji hodari ana sifa zote za mzee wa barazani: anajua pa kupunguza sauti, anajua pa kucheka, na anajua kutoka nje ya kisa akarudi bila ya kupotea. Kisa cha Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, kumpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, hakichoshi hata kikisimuliwa mara ya kumi. Tatizo ni kwamba aghalabu kisa hicho ndicho mwanzo na ndicho mwisho. Taarab inazaliwa katika kasri, inavaa kanzu safi, na haitoki tena. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyechuuza vyungu kabla ya kujulikana kwa sauti yake, huja baadaye kama mgeni aliyekaribishwa, ilhali ni yeye na wenzake waliosimama mstari wa mbele katika kuifanya taarab iseme Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa Ng'ambo.

Lakini kosa hilo la historia wanahistoria wamekwisha kulishughulikia. Linalotuhusu sisi wapenzi wa ushairi ni jengine. Mazungumzo haya, kwa jinsi yalivyozoeleka sasa, hufumbua lililofumbwa na hufumba lililosemwa wazi.

Tuanze na la kwanza. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa *Malenga wa Mvita*, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Kwa watu wa makamo wa Mombasa hili si siri. Walakini msikilizaji mchanga anayekutana na wimbo leo huona jina moja tu, la mwimbaji, na kwa kuwa majina yenyewe yanashabihiana, watu wawili wamekuwa mmoja. Kisha huja msimuliaji akaongeza chumvi: wimbo huu aliimbiwa fulani, binti wa mtaa fulani, baada ya posa kukataliwa. Wasikilizaji hufurahi sana. Sasa wimbo umepata mwenyewe, umepata na anwani.

Tunathubutu kusema kwamba hapo ndipo wimbo unapouawa. Fumbo katika ushairi wetu si kitendawili chenye jibu moja lililofichwa nyuma ya mlango. Mtunzi anapotaja ua, jahazi, lulu au tunda lililooza ndani, huwa ametengeneza nguo isiyo na kipimo cha mtu mmoja, kila aliyeguswa aivae. Ndiyo sababu katika harusi mwanamke aliweza kusimama, akaenda hadi kwa mwimbaji na kumtunza pesa ubeti ulipofika mahali fulani, na kila aliyekuwapo akajua kwamba umetumwa ujumbe, ijapokuwa si kila mmoja alijua umetumwa kwa nani. Kwa kutunza kule aliufanya ubeti kuwa wake. Usiku huo huo mwengine aliweza kuutuma ubeti ule ule upande wa pili. Mshairi alijua hivyo alipokuwa akipanga vina vyake, na ufundi wake mkubwa ulikuwa katika kuuacha mlango wazi. Msimuliaji anayekuja baada ya miaka arubaini akasema mlango huu ni wa fulani, hata kama habari yake ni ya kweli, ametupa umbea badala ya shairi. Umbea nao ni chakula, hatukatai, ila hauna mizani.

Ama la pili, mfano wake ulio mzito zaidi ni ule wimbo wa Siti unaojulikana kwa jina la *Kijiti*. Huu si wa mafumbo. Ni habari iliyotiwa katika beti: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa kwenda kustarehe, akanajisiwa, akauawa. Kijiti alitorokea bara. Waliosimama mbele ya hakimu ni wanawake waliofuatana na marehemu, nao ndio walioadhibiwa. Laura Fair, katika kitabu chake *Pastimes and Politics* kilichotoka mwaka 2001, ameueleza wimbo huu kwa urefu baada ya kuwasikiliza wazee wa Unguja waliokuwa wakiukumbuka, na ameonyesha kwamba waliuelewa kuwa ni shutuma dhidi ya mahakama ya kikoloni na jinsi ilivyomtazama mwanamke maskini.

Sasa, wimbo kama huu unapopigwa katikati ya maongezi ya kukumbuka zama za raha, picha za Forodhani zikipita taratibu na msimuliaji akitaja jinsi watu walivyokuwa wakivaa vizuri, ni nini kinachobaki? Hubaki sauti tamu na mkwaruzo wa sindano. Mwanamke aliyeuawa amegeuka kuwa kionjo cha ukale. Wale waliofungwa kwa kosa la kuwa mashahidi hawatajwi. Hapa palikuwa pahala pa msimuliaji kufanya kazi yake, kwani maneno ya zamani yaliyorekodiwa kwa chombo cha mwaka 1928 hayasikiki vyema kwa sikio la leo, na asiyeelezwa hatojua anachokisikiliza. Aliyefumbua fumbo la mapenzi bila ya kuombwa, hapa amenyamaza.

Jina la Siti peke yake nalo halitoshi. Nyimbo za kundi lile zilitoka katika kikao. Habari za mji zililetwa, zikajadiliwa, zikapangwa vina, na kina Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban walikuwa na sehemu yao. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo, kwa hiyo kilichotufikia ni shairi lililokatwa ili lienee. Katika ukumbi liliweza kuwa refu zaidi, na Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti hadi kufa kwake mwezi wa Aprili 2013, alizipanua na kuzipunguza apendavyo. Mwenye kuziweka hadharani sauti hizi mbili angeliweza kuziandika beti za kila moja chini yake, tukaona lipi limeingia na lipi limetoka. Kazi hiyo haihitaji mtambo, yahitaji sikio na kalamu.

Kuna pia wale wanaozisafisha kanda za harusi. Huuondoa utangulizi wa ala, vigelegele, sauti ya mtu anayeita mtoto, na pale mwimbaji anaporejea mshororo mara tatu au nne hubakisha mara moja tu, wakidhani ni kosa la mrekodi. Mshororo ulirejewa kwa sababu kuna mtu alikuwa bado amesimama na noti mkononi, hajamaliza kusema.