Kabla ya Rangi, Msasa

Waliotengeneza hotirodi za mwanzo hawakuwa na fedha za rangi, na hata wangekuwa nazo wasingezimalizia huko. Walikuwa vijana wa kusini mwa California, miaka ya 1930, mikono imejaa grisi na mifuko mitupu. Walinunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, wakang'oa madigadi, bampa na chochote kilichoongeza uzito, wakaichokonoa injini mpaka ikatoa nguvu ambazo kiwanda hakikuipa. Gari la namna hiyo ndilo hotirodi. Kisha walielekea kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare hadi upeo wa macho. Mwaka 1937 vilabu vyao vilikusanyika chini ya chama kimoja, SCTA, ambacho hadi leo kinaendesha mashindano pale El Mirage. Kule hakuna aliyeuliza gari lako limepigwa rangi gani. Waliuliza limekimbia maili ngapi kwa saa. Vumbi la ziwa lile ni laini ajabu, linaingia kila mahali, na jioni magari yote yalirudi nyumbani na rangi moja.

Kwa hiyo wenye hotirodi wanaposhindana leo kama gari la namna hii linahitaji rangi ya hali ya juu, wale wanaosema halihitaji wana historia ya kuegemea. Praima, ile rangi ya msingi, inatosha, wanasema. Fedha ziende kwenye injini. Mimi nasimama upande wa fundi wa rangi, ingawa si kwa sababu ya mng'ao.

Tuanze na rangi zenyewe. Ford, tangu 1914 hadi 1925, waliuza Model T kwa rangi moja tu, nyeusi. Rangi za vanishi za zama hizo zilipakwa tabaka juu ya tabaka, na gari la thamani lingeweza kukaa kiwandani wiki kadhaa likisubiri zikauke. Kisha kampuni ya DuPont ikatoa Duco, rangi ya laka, na magari ya Oakland ya mwaka 1924 yakatoka nayo, ya bluu. Laka ilipulizwa kwa bunduki na kukauka kwa saa chache. Hilo liliwafaa wenye viwanda, lakini nadhani lilimfaa zaidi kijana mwenye kompresa ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Laka husamehe. Ikiangukiwa na vumbi au nzi, unaiacha ikauke, unapitisha msasa, unapuliza tena. Ikikaa bila mng'ao, unaisugua mpaka ing'ae. Sanaa nzima ya rangi iliyokuja baadaye isingetoka vichochoroni kama isingekuwa na rangi inayomruhusu mtu kukosea na kurudia.

Na ilikuja haraka. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha vijana walirudi na stadi za jeshini na akiba kidogo. Januari 1948 lilitoka toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Mwaka 1949 mashindano yalifika Bonneville, kwenye uwanda wa chumvi wa Utah. Mwaka 1950, huko Oakland, ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya gari zuri kuliko yote la aina ya rodsta, yaani lile la wazi lisilo na paa la kudumu. Mshindi alikuwa Bill NieKamp na Ford yake ya 1929. Wanaodhani uzuri na kasi haviwezi kukaa nyumba moja wakumbuke gari hilo: baada ya kushinda kwa urembo lilipelekwa El Mirage, na huko likapita maili 140 kwa saa.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya wapiga rangi. Kenny Howard, aliyejiita Von Dutch, alichora kwa brashi ya nywele laini mistari myembamba iliyojikunja na kukutana katikati ya boneti bila kutumia rula. Ndugu wawili, George na Sam Barris, walishusha mapaa na kuziba viungo vya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa. Larry Watson na Dean Jeffries walifanya bati la gari liwe turubai. Mwandishi Tom Wolfe alipokwenda kuwatazama watu hawa na kuandika juu yao katika jarida la Esquire mwaka 1963, aliwachukulia kama wasanii, naye hakukosea.

Niseme kidogo juu ya rangi ya kendi, kwa kuwa hakuna nyingine inayompima fundi kama hiyo. Anayetajwa na wengi kuwa ndiye aliyeitoa ni Joe Bailon, ambaye kwa miaka alitafuta wekundu uliofanana na taa za nyuma za gari usiku. Siri yake ni kwamba wekundu haupo juu. Chini kuna tabaka la dhahabu au fedha lenye chembe za chuma, na juu yake hupulizwa rangi nyepesi inayopenya mwanga, mkono baada ya mkono. Mwanga hupita, hupiga dhahabu iliyo chini, hurudi ukiwa umechovywa wekundu. Lakini kila mkono huzidisha giza. Fundi akikawia nusu sekunde mahali pamoja, au akipishanisha mikono vibaya, hubaki milia. Na gari likikwaruzwa baadaye, huwezi kupaka kiraka. Kiraka kitajulikana hata gizani. Inabidi upande mzima urudiwe, pengine na gari zima.

Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Sasa turudi nyuma ya pazia, kwenye kazi ambayo mimi naiheshimu zaidi, na ambayo aliyewahi kusimama karibu na fundi bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, anaijua hata kama hajawahi kuiona hotirodi.

Bati la Ford ya 1932 limeishi miaka zaidi ya tisini. Limegongwa, limenyooshwa, limechomelewa, limegongwa tena. Fundi huanza kwa kulivua rangi zote mpaka chuma kiwe wazi, kisha hulisoma. Mlango uliobonyea huugonga kwa nyundo upande mmoja huku ameukinga kwa kipande cha chuma upande wa pili, polepole, maana bati likigongwa sana hutanuka, na likishatanuka hulegea: ukilisukuma kwa kidole gumba linaingia, ukiliachia linatoka, tak. Hapo inabidi alipashe moto doa dogo na kulipoza ghafla ili lijikaze. Akimaliza, kwa mtu mwingine ule mlango tayari umenyooka. Kwake bado.

Ndipo inapokuja puti, ile ya kujazia mabonde. Fundi mzembe huweka puti badala ya nyundo, nene, na baada ya misimu miwili ya jua na mtikisiko inapasuka. Fundi anayejiheshimu huipaka nyembamba, na sehemu kubwa ya aliyoipaka huiondoa kwa msasa. Msasa namba 80 kwanza, halafu 180, halafu praima, halafu 320. Kisha hufanya jambo linalomshangaza mtazamaji: juu ya praima safi ya kijivu hupuliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, kana kwamba anaichafua makusudi. Huchukua ubao mrefu uliovishwa msasa na kuupitisha kwa mshazari, huku, halafu kule, akikatiza njia aliyotoka. Weusi hutoka palipoinuka. Unapobaki, pana bonde. Bonde lenyewe jicho halilioni. Anayesugua kwa vidole bila ubao hulifuata bonde na kulichimba zaidi. Ubao hauwezi, unalivuka, na kwa kulivuka unalifichua. Fundi hujaza, hupuliza ukungu tena, husugua tena. Mara kwa mara hufumba macho na kupitisha kiganja, akiwa ameweka kitambaa chepesi kati ya mkono na bati ili ngozi isikwame. Kiganja hukuta mawimbi ambayo macho yameyapita.

Kazi hiyo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Rangi yenyewe hupulizwa siku moja. Unene wa yote atakayoyaona mnunuzi ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hiyo haiwezi kufunika kosa lolote. Rangi inayong'aa haifichi kitu, inatangaza. Nyeusi ndiyo mtangazaji mkubwa kuliko zote. Simama pembeni ya gari jeusi lililokamilika, uangalie taa ndefu ya karakana inavyoakisiwa ubavuni. Kama mstari wa taa umenyooka kutoka mlango hadi mkiani, msifu aliyeshika ubao. Kama unatetemeka, jua kuna mtu aliyechoka mapema.

Kinyume cha kazi hiyo kilikuwapo California hiyohiyo. Earl Scheib alijenga biashara kubwa kwa kupiga rangi gari lolote kwa bei ambayo kwa miaka mingi ilitangazwa kuwa dola 29.95. Simlaumu, gari la kwendea kazini lilipata sura mpya na mwenye nalo akafurahi. Ila kwa fedha hiyo hakuna anayeng'oa taa, hakuna anayetafuta bonde, na kutu iliyokuwa chini inabaki chini, ikiendelea na shughuli zake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wa hotirodi wamelijua hilo kwa macho yao, na nadhani ndiyo maana wengi wao humheshimu mwenye gari la praima kuliko mwenye gari la mng'ao wa haraka. Praima inasema kazi haijaisha. Ule mng'ao unasema imeisha, na ni uongo.

Lakini praima nayo ina ugonjwa wake, na wanaoipenda hawapendi kuambiwa. Praima nyingi za kujazia zina vinyweleo. Hunywa maji. Gari likilala nje na umande, unyevu hupenya hadi kwenye chuma, na kutu huanza pale ambapo mwenyewe haoni. Waliotangulia waliponea ukame wa California. Anayeishi penye mvua au karibu na bahari, akiacha gari lake na praima ya kijivu miaka mitano kwa ajili ya mtindo, atakuja kulivua na kukuta bati limetobolewa. Praima ya epoksi huziba vizuri zaidi, ingawa nayo jua huiharibu. Kwa maneno mengine, hata asiyetaka urembo anahitaji rangi, kwa sababu ileile inayomfanya nahodha apake jahazi lake mafuta.

Kuna kundi jingine ambalo kwa kweli hunichekesha. Hawa huchukua bati zima, zuri, wakalimwagia chumvi na siki mpaka likaota kutu, kisha wakafunika kutu hiyo kwa klia, yaani rangi angavu, isiyong'aa ili ionekane gari limekaa shambani miaka sitini. Ni kazi ya siku nyingi, na ukiikabidhi kwa karakana bili yake si ndogo. Yaani mtu analipa gharama za rangi nzuri ili aonekane hakuwa na fedha za rangi.

Upande wa pili wapo waliolipa zaidi ya dola 20,000 kwa rangi peke yake, na tangu hapo gari halijagusa barabara. Linapanda trela, linashuka kwenye zulia la maonyesho, linapanda trela. Jiwe dogo moja linawakosesha usingizi. Siwezi kuwaambia wasifurahi na mali yao, ila gari lililozaliwa ili likimbizwe ziwani, likigeuzwa pambo la sebuleni, limepoteza kazi yake. Mwaka 1997 mashindano ya Pebble Beach, nyumbani kwa magari ya matajiri, yalifungua mlango kwa hotirodi kwa mara ya kwanza, na mshindi alikuwa rodsta ya 1932 ya Doane Spencer. Nyeusi tupu. Hakuna kendi, hakuna ndimi za moto ubavuni. Spencer aliijenga ili iendeshwe, na iliendeshwa.

Tusisahau pia anayepuliza. Rangi za siku hizi zinazochanganywa na hadina, yaani kigumishi, zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu, na akishaipata, chembe kidogo tu humrudishia. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Huhitajika barakoa inayoleta hewa safi kutoka nje ya chumba. Ninaposikia mteja akilalamika kwamba karakana nzuri ni ghali, najiuliza kama amehesabu mapafu ya mtu. Fundi anayefunga leso puani huku mtaani kwetu anaidhamini bei nafuu kwa pumzi yake.

Basi, linahitaji? Linahitaji kazi nzuri, ndiyo, na mtu mwenye busara ataifanya kwa mpangilio. Funga gari lote kwanza, likiwa na praima ya epoksi. Liendeshe miezi kadhaa. Kiungo kilichochomelewa vibaya kitapasuka, mlango utashuka, boneti itagusa radieta. Mambo hayo yajitokeze kabla ya rangi, kwa kuwa kuyatengeneza baada ya rangi ni kulipa mara mbili. Kisha livue, umpe fundi siku zote anazotaka za msasa, na ukipungukiwa punguza kwenye mbwembwe. Rangi moja isiyo na chembe za chuma hurekebishika ikikwaruzwa, nawe utaliendesha bila hofu. Krimu na nyeupe huvumilia mawimbi madogo. Na kama fedha za kunyoosha bodi zimekwisha, nakuomba, usichague nyeusi.