Kufuzu kwa Mwarabu si kufuzu kwetu

KUNA kauli isiyokosa kusikika pindi Mkenya anapoanza kujifunza Kiarabu: “Si haya maneno tunayajua tayari?” Baadhi ya walimu huichochea kauli hiyo. Huandika ubaoni ‘kitabu’, ‘habari’, ‘wakati’ na ‘safari’, kisha wakamhakikishia mwanafunzi kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nomino kama hizo, hawajakosea sana. Lakini mbinu hiyo ikihamishiwa kwenye vitenzi, humpoteza mwanafunzi. Nitatumia vitenzi vya matokeo ya mashindano kuonyesha ninalolisema, kwa kuwa matokeo ya kandanda ni miongoni mwa habari za mwanzo ambazo mwanafunzi hujaribu kuzisoma mwenyewe. Ni fupi, na majina ya timu anayafahamu. Hapo ndipo mtego ulipo.

Tuanze na ‘faza’. Hiki ndicho kitenzi anachokitumia Mwarabu kusema kuwa timu imeshinda. Katika wakati uliopo husema ‘yafuzu’, na humo ndimo tulimolitoa neno letu ‘fuzu’. Hata hivyo, katika kurasa zetu za michezo, kufuzu ni kupata nafasi ya kuingia katika hatua inayofuata. Sasa kumbuka Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar. Saudi Arabia iliilaza Argentina 2-1. Kwa Kiarabu, Saudi Arabia ‘fazat’. Mwanafunzi aliyezoea ulinganishi wa ubaoni atatangazia wenzake kwamba Saudi Arabia ilifuzu. Wapi! Ilishindwa katika mechi mbili zilizofuata, ikaaga mashindano katika hatua ya makundi, na Argentina iyo hiyo ikatwaa kombe.

Kufuzu tunakokujua sisi, Mwarabu hukuita ‘ta’ahhala’. Kitenzi hiki kina mzizi mmoja na maneno yetu ‘ahali’ na ‘stahili’, na mzizi huo ndio ulio katika jina la klabu ya Al Ahly ya Cairo. Timu iliyofanya hivyo imekuwa stahiki ya hatua inayofuata, iwe ilishinda mechi yake ya mwisho au ilitoka sare.

Mitego mingine ni ya kuchekesha. ‘Intasara’ ni kupata ushindi, kutokana na ‘nasr’, jina linalobebwa na klabu ya Al Nassr ya Riyadh aliyojiunga nayo Cristiano Ronaldo. Kwetu, mzizi huo umetupa ‘nusuru’ na ‘nusura’. Mwarabu akilitaja neno hilo, timu imeshinda. Sisi tukisema “nusura washinde,” basi hawakushinda! ‘Sajjala’ nayo, mbali na kuandikisha, ni kufunga bao. Msomaji wetu akiliona karibu na jina la mshambuliaji, atadhani amesajiliwa na klabu mpya. ‘Khasira’ ni kushindwa mechi, kama ilivyo kupoteza mali. Kwetu hasara imebaki zaidi kwenye mali: timu ikifungwa, anayepata hasara ni yule aliyeiwekea dau.

Upo upotofu wa pili, nao hutoka kwa wasomi. Wakishagundua kwamba ‘faza’ ni kushinda, huwageukia waandishi wa michezo na kuwaambia kuwa “kufuzu kwa Kombe la Dunia” ni kosa, eti kwa sababu Mwarabu hasemi hivyo. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Neno likishahamia katika lugha nyingine, maana yake huamuliwa na wenyeji wake wapya. Isitoshe, matumizi yetu yana mantiki yake. Anayefuzu chuoni hamshindi mtu yeyote, ametimiza masharti. Timu inayofuzu nayo imetimiza masharti. Tukianza kuyarejesha maneno yote kwa wenyewe, itabidi tuseme ‘nusura’ tukiwa na maana ya ushindi, na hapo hatutaelewana hata na jirani.

Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: kudhani kwamba maana imo ndani ya sauti ya neno. Mwalimu wa kwanza hukitwika Kiarabu maana ya Kiswahili. Msomi wa pili hukitwika Kiswahili maana ya Kiarabu.

Je, Kiswahili hakimfai kitu mwanafunzi wa Kiarabu? Kinamfaa sana, ila si pale tunapopadhania. Kinamfaa katika muundo wa vitenzi. Kutoka sare ni ‘ta’adala’. Umbo hilo la kitenzi aghalabu huonyesha watu wanaotendeana jambo, kama kiambishi chetu ‘-an-’ katika ‘pigana’ au ‘lingana’. Mtangazaji wetu anaposema timu mbili “zimetoshana nguvu,” amepita njia ile ile. Vivyo hivyo, ‘hazama’ ni kushinda mtu, na ‘inhazama’ ni kushindwa. Asiyetatizwa na ‘shinda’ na ‘shindwa’ hana sababu ya kutatizwa na jozi hiyo.

Kisha mwanafunzi akifunze kila kitenzi pamoja na kihusishi chake. Sisi husema “Gor imeishinda Zamalek” bila kihusishi chochote. Mwarabu husema ‘faza ala’, kwa maana ya kushinda dhidi ya fulani, lakini ‘faza bi’ anapotaja kombe lililotwaliwa. Timu ‘khasira amama’, yaani hushindwa mbele ya mpinzani; ‘ta’adala ma’a’, yaani hutoka sare na mpinzani; na ‘ta’ahhala ila’, yaani hufuzu kuelekea hatua fulani. Orodha ya maneno yanayofanana haimfundishi mtu haya.

Nawaachia walimu zoezi moja. Katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, Kenya iliishinda Morocco 1-0 pale Kasarani. Timu zote mbili zilifuzu kwa robo fainali. Kenya ikatoka sare ya 1-1 na Madagascar, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Hatimaye Morocco ikailaza Madagascar 3-2 katika fainali na kutwaa kombe. Mwanafunzi na aisimulie habari hiyo kwa Kiarabu. Akitumia ‘faza’ kila mahali ambapo Kiswahili kina ‘fuzu’, mwalimu asimlaumu. Aitazame kwanza ile orodha aliyoiandika ubaoni siku ya kwanza.