Mkono unaotega kisu cha stika

Jina la njia kwenye kioo cha daladala, namba ya simu ubavuni mwa bajaji, bei za chipsi mlangoni mwa kibanda: nyuma ya hayo yote kuna fundi aliyeinamia mashine ya kukata stika, akizungusha kishikio cha kisu kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Utando wa stika ya kawaida, bila karatasi yake, ni chini ya milimita 0.1. Kisu kinatakiwa kuukata huo tu na kuikwaruza karatasi bila kuitoboa. Kikizidi, kinachimba hadi ukanda wa mashine ulio chini. Kikipungua, herufi zinang'oka pamoja na mabaki, na ndipo uvumilivu wa mtu hupimwa. Basi fundi hukata kwanza kiboksi pembeni, akakibandua, akaitazama karatasi kwenye mwanga. Kisu cha nyuzi 45 hutosha kazi nyingi. Stika nene ya kuakisi mwanga hudai cha nyuzi 60. Pembe zikitoka butu, huenda makali yameisha, au gundi imekigandisha kisu kisizunguke. Hukichomoa, akakisafisha, akaanza upya. Mteja, nje, anauliza mbona herufi chache zina bei kubwa hivyo.