Alama 30 za Mdomo, Zote kwa Kalamu

Kila Novemba, katika kumbi za Garissa High, NEP Girls na Wajir High, watahiniwa wa KCSE huulizwa jinsi wanavyozungumza Kiingereza, nao hujibu kwa kalamu. Anayefungua mdomo hukaripiwa na msimamizi. Karatasi 101/1 ina alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu, 10 za kujaza mapengo na 30 za stadi za mazungumzo. Nusu ya karatasi, basi, inapima sauti ambayo hakuna anayeisikia. Umbo hili lilianza kutahiniwa mwaka 2006, baada ya silabasi kurekebishwa 2002. Lilikuwa kosa siku ile, na ni kosa hadi leo.

Swali lenyewe kila aliyelipitia analikumbuka. Watu wawili wanaongea, mara nyingi kwa simu. Maneno ya mmoja yamefutwa, mtahiniwa ayajaze. Anatafuna kalamu, anakumbuka kwamba ombi la adabu huanza na "Could you" au "Would you mind", anaandika, anapata alama zake. Kwenye kaunta ya hospitali hapatikani muda wa kutafuna kalamu. "Could you help me?" ikitamkwa kwa kiimbo kinachoporomoka mwishoni husikika kama amri ya askari, ilhali kwenye karatasi ni sentensi safi isiyo na doa.

"Would you mind" ni mtego mbaya zaidi. Mtu anaombwa, "Would you mind helping me?" Kwa moyo mkunjufu anaitika haraka, "Yes!" Amekubali kusaidia, lakini aliyeomba amesikia kwamba msaada huo ni usumbufu. Jibu la kukubali ni "Not at all", yaani kukanusha ili kukubali, na kinyume hicho hakizoeleki kwa kukariri. Huzoeleka mdomoni, kwa kukosea na kurudia mbele ya mtu anayesubiri jibu. Mtahini anayesoma karatasi hawezi kujua kama jibu lilichukua nukta moja au dakika nne.

Kwa kijana wa Garissa, kosa hili lina uzito wa ziada. Kwa Kisomali humwambia mwenzake, "Walaal, i caawi", yaani "Ndugu, nisaidie", na hakuna anayeudhika, maana adabu ya ombi imebebwa na lile neno la undugu lililotangulia. Mkubwa ataitwa "adeer" (ami) au "abti" (mjomba). Akihamia Kiingereza, neno la undugu linabaki nyuma na kinachotoka ni "Help me" kavu. Hajakosa heshima, heshima yake imeachwa ng'ambo. Vivyo hivyo kwenye kutoa msaada: anayemwona mzee akihangaika na mzigo huuchukua tu, lakini Kiingereza kinamtaka kwanza aulize, "Shall I carry that for you?", kisha asubiri ruhusa. Hayo ni mambo ya kufundishwa kwa sauti na kupimwa kwa sauti.

Silabasi yenyewe, kwa haki, imeweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi nne; mtihani ndio usiozisikiliza.

KNEC, baraza la mitihani, hujitetea kwa gharama na wingi wa watahiniwa. Mbona basi wanaofanya Kifaransa na Kijerumani katika KCSE hiyo hiyo huketi mbele ya mtahini wakazungumza? Mradi wa kilimo unasahihishwa shuleni na alama zinatumwa. IELTS hupima mazungumzo ana kwa ana kwa dakika 11 hadi 14. Lugha pekee ya kigeni ambayo kila mtahiniwa wa KCSE analazimishwa kuifanya ndiyo inayonyimwa dakika tano.

Wakongwe walilielewa jambo hili. New Primary Approach, mpango wa shule za msingi ulioanza majaribio Nairobi mwaka 1957, ulimtaka mtoto aseme kabla ya kusoma: ashike kitu, aombe kitu, ampe mwenzake. Redio ya shule ya VOK (Sauti ya Kenya) nayo iliingiza sauti darasani. Mpango ule ulidhoofika kwa sababu ulisambazwa kasi kuliko walimu walivyofunzwa. Wazo lake lilikuwa zima. Tuliowarithi tukaachiwa msemo "Kindly assist". Umejaa katika ofisi kutoka Mandera hadi Mombasa, na huonekana ombi wakati kwa kawaida ni agizo lililopakwa rangi.

Halafu kuna walimu. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, tarehe 13 Januari 2020, TSC, tume ya kuajiri walimu, iliwahamisha wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki. Hofu ilikuwa ya haki. Wanafunzi kuachwa bila mbadala haikuwa haki. Darasa lisilo na mwalimu wa Kiingereza hukimbilia vijitabu vya marudio, na karatasi isiyo na sauti ndiyo inayovipa vijitabu hivyo soko. Shule za kambi za wakimbizi za Dadaab zinafuata mtaala huo huo. Baadhi ya vijana wanaotoka humo huwa wakalimani katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambako kuomba na kutoa msaada ndiyo kazi yenyewe ya kutwa.

Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. KNEC ina nafasi ya kutoirithisha sekondari ya juu ya mtaala mpya kosa hili: wanafunzi wawili, dakika tano, mmoja aombe msaada na mwingine autoe, mwalimu arekodi na atume. Wazazi na walimu wa Garissa, Wajir na Mandera na wadai hilo sasa, kabla muundo mpya wa mtihani haujapigwa muhuri.